KIBERA: KWA NINI MASKINI HUNUNUA MAJI GHALI?

Jina la Kibera limekwenda mbali duniani kuliko majina ya miji mingi mikubwa. Wageni huja kutoka Ulaya na Marekani, wakapiga picha za mabati na mitaro, wakarudi kwao. Na sisi tulio karibu, tupitao kando yake kila siku kwa gari au kwa miguu, mara nyingi hutosheka na maneno mawili tu: uchafu na uhuni. Lakini, ndugu msomaji, hukumu itolewayo kwa kutazama kwa mbali haiwezi kuwa ya haki. Yafaa kwanza tuulize: mtaa huu ulitoka wapi? Wakaao humo ni nani? Na kwa nini maji, ambayo Mwenyezi Mungu ameyafanya kuwa uhai wa kila kiumbe, huuzwa kwa bei kubwa zaidi mahali ambapo watu wana fedha chache zaidi? Swali hili la mwisho ndilo tunalotaka kulieleza hasa, kwani mwenye kulifahamu amekwisha kuzifahamu habari nyingi nyingine za Kibera.

ASILI YA MTAA

Kibera iko upande wa kusini-magharibi wa Nairobi, mwendo wa kilomita tano au sita kutoka katikati ya mji, na reli iendayo Kisumu yapita ndani yake. Wakaaji wake wa kwanza wanaojulikana katika historia ya mji huo walikuwa askari Waislamu wenye asili ya Sudani. Askari hao waliachwa katika jimbo la Ikweta baada ya vita vya Mahdi, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawaingiza katika utumishi wa Waingereza. Wao na wana wao wakawa nguzo ya jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana vita ambavyo havikuwa vyao, na walipomaliza utumishi hawakuwa tena na kwao pa kurudi.

Basi wakaruhusiwa kukaa katika msitu uliokuwa ukingoni mwa Nairobi. Wakauita Kibra, na maana yake katika lugha yao ni msitu. Kufikia mwaka 1918 ardhi hiyo ilikwisha kutangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, nayo ilikuwa ekari 4,197. Wanubi, kama walivyokuja kuitwa, wakajenga nyumba na misikiti, wakalima na kufuga, wakawafundisha watoto wao Kurani, na wanawake wao wakasifika kwa kusuka makawa ya rangi nzuri ambayo mpaka leo hufunikia vyakula vya harusi na vya Idi.

Lakini kitu kimoja hawakupewa, nacho ni hati ya ardhi. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa ni watu waliokaa kwa hiari yake, ikiweza kuwaondoa itakapo. Kwa kuwa ilitarajia kuwaondoa siku moja, haikuona sababu ya kuwapelekea mabomba, wala mitaro ya maji machafu, wala barabara. Tafadhali, msomaji, ishike sana nukta hii, maana mengi yaliyokuja baadaye yamezaliwa nayo.

Baada ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963, watu wa makabila yote waliingia Nairobi kutafuta kazi, nao wakahitaji mahali pa kulala palipo karibu na kazi na penye kodi ndogo. Wakaja Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo, wakapanga vyumba Kibera. Wakati huo huo sehemu za ile ardhi ya zamani zikakatwa na kujengwa mitaa ya watu wenye mishahara, kama Ayany na Olympic. Watu wakazidi na ardhi ikapungua. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 170,070 katika Kibera, ingawa kabla yake ilikuwa ikisemwa kuwa wako milioni nzima. Hata hiyo hesabu ndogo ni kubwa, ukikumbuka ya kwamba watu hao wamebanana katika eneo la kilomita za mraba mbili na nusu hivi.

MTUNGI WA LITA ISHIRINI

Nyumba ya kawaida huko ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, au kumi na mbili kwa kumi na mbili, chenye kuta za udongo au mabati. Humo hulala baba, mama na watoto, na pazia ndilo hugawanya kitanda na jiko. Walio wengi kabisa si wenye nyumba bali ni wapangaji. Alfajiri wanaume huonekana wakifuata njia ya reli kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda, au kwenye majengo yanayojengwa, kutafuta kibarua cha siku. Wanawake huenda katika mitaa ya jirani kufua nguo za watu, au hukaa kando ya njia wakiuza mboga, samaki na maandazi.

Kabla ya hayo yote, mama wa nyumba ana kazi moja ya lazima: kutafuta maji. Huchukua mtungi wa plastiki wa lita 20, akaenda kwenye kibanda cha maji, akapanga foleni, akalipa, akabeba. Siku za neema mtungi huweza kupatikana kwa shilingi chache tu. Siku za mgao, mabomba yanapokauka, bei hupanda mara mbili, mara tatu, na zaidi.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua jamaa ya watu watano wanaotumia mitungi mitano kwa siku, yaani lita 100, ambazo ni lita 20 kwa kila mtu. Ikiwa mtungi ni shilingi 5, hiyo ni shilingi 25 kwa siku, na shilingi 750 kwa mwezi. Siku bei ipandapo kufika shilingi 20, maji hayo hayo yatagharimu shilingi 100 kwa siku, na kwa mwenye kibarua hicho ni chakula cha jioni kilichotoweka. Nazo hizo lita 20 ni kidogo mno. Shirika la Afya Ulimwenguni husema ya kwamba mtu ahitaji baina ya lita 50 na 100 kwa siku ili akidhi haja zake kwa afya.

Mwaka 2006 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilieleza katika taarifa yake ya kila mwaka ya kwamba watu wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, sawa na wenzao wa Jakarta na Manila, hulipia kipimo kimoja cha maji mara tano hata mara kumi ya bei wanayolipa matajiri wa mji huo huo. Ajabu hiyo yataka kutazamwa vizuri. Mwenye bustani na gari la kuosha hulipa kidogo kwa kila lita, kwa sababu bomba la mji laingia nyumbani kwake. Mwenye mtungi mmoja hulipa nyingi, kwa sababu maji yamepita mikono mingi kabla ya kumfikia.

Wala tusifanye haraka kumlaani muuza maji. Wamo miongoni mwao wenye kupandisha bei kwa uchoyo, na hesabu yao iko kwa Mungu. Lakini wengi ni watu wanyonge kama wanunuzi wao. Muuza maji amevuta mpira mrefu kutoka bomba kuu lililo mbali, amelipia tangi, hulipia maji yavujayo njiani, na akikatiwa bomba siku tatu hana anachouza.

TOHARA NA AFYA

Kwa Muislamu maji si jambo la kiu peke yake. Ni ufunguo wa sala yake, ni usafi wa mtoto wake, na ni josho la mwisho la maiti wake. Mama wa Kibera mwenye mitungi miwili ndani ya nyumba hupima kila siku: haya ya kupika, haya ya kunywa, haya ya kuogesha watoto, na haya ya kutawadhia. Ramadhani ikiangukia wakati wa mgao, shida huwa maradufu.

Juu ya hayo kuna jambo la choo, ambalo watu huona haya kulitaja. Huko Kibera choo kimoja cha shimo hutumiwa na nyumba nyingi, na vyoo vingine hulipiwa kila uingiapo. Usiku njia ni za giza, na mwanamke au binti aogopa kutoka. Ndiyo sababu kulikuwa na ile desturi mashuhuri ya kujisaidia ndani ya mfuko wa plastiki na kuutupa nje gizani. Waandishi wa kigeni waliifanyia mzaha. Lakini yule binti aliyechagua mfuko kuliko kuhatirisha heshima yake gizani, je, yeye ndiye wa kulaumiwa?

Madhara yake huonekana katika maji. Mipira mingi imelazwa ndani ya mitaro ile ile ipitishayo uchafu. Mpira ukipasuka wakati maji yamekatwa, uchafu hujipenyeza ndani, na maji yarudipo huuchukua mpaka kwenye mtungi. Hivyo mtu hununua ugonjwa kwa fedha yake. Madaktari waliochunguza habari hii Kibera baina ya mwaka 2007 na 2009 walikuta homa ya matumbo ni nyingi zaidi huko kuliko katika eneo la mashamba walilolilinganisha nalo, na watoto ndio walioathirika zaidi. Na tena ule mwaka 2020 wa maradhi ya korona, dunia nzima iliambiwa ioshe mikono mara kwa mara. Agizo hilo lilikuwa jema, lakini kwa mama mwenye mitungi miwili kila kunawa kulikuwa na bei yake.

KWA NINI MABOMBA HAYAKUINGIA?

Wako wasemao ya kwamba watu wa Kibera wamezoea uchafu. Neno hilo si la haki. Ingia katika chumba chochote huko utaona sakafu imefagiwa, vyombo vimepangwa, na kitambaa kimetandikwa juu ya kiti. Uchafu huanza pale nje ya mlango, mahali ambapo mtu mmoja hana uwezo napo, na ambapo ni kazi ya mji kuweka mtaro na bomba.

Mji nao kwa miaka mingi ulikuwa na hoja yake: ardhi ile haina hati, basi vipi tuweke bomba mahali ambapo hakuna mwenyewe anayejulikana kisheria? Mwenye nyumba naye akasema: vipi nijenge choo cha kudumu ikiwa kesho naweza kubomolewa? Mpangaji akasema: vipi nitengeneze nyumba isiyo yangu? Hivyo kila mmoja akamngoja mwenzake, na mtoto akanywa maji machafu.

Hofu hiyo ya kubomolewa haikuwa ya bure. Mwezi wa Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu wa Kibera, na skuli pamoja nazo, zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunga Ngong Road na Lang'ata. Kwa upande mwingine, yako mema ya kutajwa. Mwaka 2009 Serikali ilihamisha watu wa sehemu ya Soweto Mashariki ili wajengewe, na mwaka 2016 nyumba zaidi ya 800 za ghorofa zilikabidhiwa. Na mwezi wa Juni 2017, baada ya madai ya karibu miaka mia, Wanubi walipewa hati ya pamoja ya ekari 288. Linganisha na zile 4,197 za mwaka 1918, utajua kiasi gani kimepotea njiani. Hata hivyo hati ni hati, nayo imewapa wazee neno la kuwaambia wajukuu wao.

Katika habari ya maji pia ulipatikana ubunifu. Kundi la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera mwaka 2004 na kijana wa huko huko, Kennedy Odede, lilipitisha mabomba juu ya nguzo, yakapita angani kama nyaya za umeme, mbali na mitaro na mbali na wezi, mpaka kwenye vibanda vya maji. Jambo hilo latufundisha ya kwamba mwenye kuishi na shida ndiye mara nyingi aijuaye dawa yake, akipata tu wa kumsaidia.

KISIMA CHA RUMA

Hapa yafaa tukumbuke habari iliyo mashuhuri katika tarehe yetu. Waislamu walipohamia Madina walikuta maji matamu ni adimu, na kisima kizuri kiitwacho Ruma kilikuwa cha mtu aliyekuwa akiuza maji yake, na wasio na kitu walipata taabu. Mtume (s.a.w.) akawahimiza masahaba wake wakinunue kwa ajili ya watu wote, akaahidi malipo ya Peponi. Sayyidna Uthman (r.a.) akakinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu, na tajiri na fakiri wakateka sawasawa.

Izingatie hekima ya tendo hilo. Uthman alikuwa tajiri. Angaliweza kukaa kando ya kisima akimlipia kila fakiri ndoo yake, na watu wangalimsifu kila asubuhi. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwenye shina la shida, akakinunua kisima chenyewe, na tangu siku hiyo fakiri hakuhitaji tena kumwomba mtu. Sadaka ya ndoo huisha jioni, lakini sadaka ya kisima huendelea baada ya mtoaji kuzikwa. Naye Saad bin Ubada (r.a.) alipouliza sadaka iliyo bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, aliambiwa kuwa ni maji, akachimba kisima.

Tazama basi desturi yetu ya leo. Tukitaka kuwakumbuka maskini, huwapelekea mchele na tende mara moja kwa mwaka. Hayo ni mema, wala mtu asiyaache. Lakini mwenye kula tende zile hunywa juu yake maji yale yale. Wakfu wa bomba moja la halali, lililounganishwa kwa idhini ya wenye mamlaka, likapitishwa mahali safi na kuuza maji kwa bei ya gharama tu, ungewafaa watu wengi kwa siku nyingi zaidi.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Neno la kwanza ni kwa wenye nyumba. Miongoni mwao wamo Wanubi, na wamo wengine wengi wasiokaa hata Kibera. Ewe ndugu Muislamu mwenye vyumba vya kupangisha, wewe uliyeonja au ambaye baba yako alionja uchungu wa kukaa bila hati, unajua zaidi kuliko wote moyo wa mtu asiye na uhakika wa kesho. Sasa umepata nguvu juu ya mwingine. Kodi ni haki yako, lakini choo kilicho na mlango na mahali pa kuogea ni haki ya mpangaji wako. Wala usitazame dini yake wala kabila lake, maana jirani ana haki kwa ujirani wake, naye akiwa si Muislamu haki hiyo haikuondoka.

Neno la pili ni kwa jamaa zilizojaaliwa. Yule bawabu wa lango lako, yule mama akufuliaye, huenda wametoka Kibera alfajiri bila kuoga, kwa sababu maji yalikuwa hayapatikani. Uliza habari zao kabla ya kulalamikia kuchelewa kwao. Na ukimlipa mtu, kumbuka katika hesabu yako ya ujira ya kwamba yeye hununua maji kwa bei kubwa kuliko wewe.

Neno la tatu ni kwa akina mama wa Kibera na mitaa mfano wake. Maji ya kunywa na yachemshwe au yatiwe dawa ya kusafishia, hata yakiwa yanaonekana maangavu. Mtungi na ufunikwe, na kikombe cha kutekea kisiguswe ndani kwa mkono. Na katika udhu, kumbukeni ya kwamba Mtume (s.a.w.) alitosheka na kibaba kimoja cha maji kwa kutawadha na pishi moja kwa kukoga. Mwenye maji haba asiwe na wasiwasi, dini yake ilikwisha kumpa nafasi.

Neno la mwisho ni kwa vijana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yatamka ya kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi ya kutosha na ya usafi unaostahili, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulikiri ya kwamba maji ni haki ya binadamu. Maneno hayo yameandikwa, lakini neno lililoandikwa halitembei lenyewe mpaka Makina na Laini Saba. Lataka wenye elimu ya kulipeleka: mhandisi wa maji, mpimaji wa ardhi, mwanasheria, daktari. Ewe kijana usomaye, ukiuliza ni elimu gani itakayowafaa watu wako, hiyo ni mojawapo. Na wewe uliyezaliwa Kibera, usikubali kuona haya kwa ajili ya mtaa wako. Aibu ni ya wale waliouona kwa miaka mia bila kuupelekea bomba.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona dhiki ya jirani kabla hajatuambia, atujaalie mali ya kufuata nyayo za mnunuzi wa kisima cha Ruma, na awape watu wa Kibera maji safi, nyumba za amani na makazi yasiyo na hofu. Amin.